Imani na maisha ya nyumbani katika riwaya za vijijini za enzi ya Malkia Victoria

Mama mmoja anayefundisha shule ya Jumapili ameniandikia kwamba yeye na binti zake wawili, mmoja wa miaka 13 na mwingine wa miaka 17, wamemaliza kusoma Silas Marner ya George Eliot, na kwamba kitabu hicho kimewagawa. Binti mkubwa anasema ni mahubiri yaliyovikwa nguo ya hadithi: mcha Mungu hupewa, mkosaji hunyang'anywa, basi. Mdogo anamhurumia Godfrey Cass, mwana wa tajiri wa kijiji, na haoni haki katika yaliyompata. Mama mwenyewe anatatizwa na jambo la tatu, kwani amesoma mahali kwamba mwandishi alikuwa ameacha kuamini muda mrefu kabla ya kukiandika. Anauliza: je, riwaya hizi za vijijini vya Uingereza zinafundisha kweli kwamba wema hulipwa, mtu asiyeamini aliwezaje kuandika hivyo, na wao wasome nini baada ya hapo?

Mama, nakushukuru kwa swali hili, na niruhusu nianze na binti mkubwa, kwa kuwa hoja yake ina msingi. Uingereza ya karne ya 19 ilijaa vijitabu vya kidini vilivyouzwa kwa bei ndogo au kugawiwa bure, na chama kimoja kilichojulikana sana kwa kazi hiyo, Religious Tract Society, kilianzishwa London mwaka 1799. Katika vijitabu vya namna hiyo ni kweli kwamba mtoto mtiifu hupata mfadhili na mlevi hufa vibaya. Anayevijua anaweza kudhani kwamba riwaya za Eliot, za Charlotte Yonge, za Anthony Trollope na za Thomas Hardy ni za ukoo huohuo, ila ni ndefu zaidi. Mimi sikubaliani naye. Waandishi hawa wanne walitofautiana sana katika imani, lakini kila mmoja wao alikuwa akiuliza swali zito kuliko la malipo, yaani imani ya mtu inawafanyia nini wale wanaoishi naye chini ya paa moja. Kijiji kiliwafaa kwa sababu kijijini jambo la nyumbani halikai nyumbani kwa muda mrefu.

Inafaa kukumbuka kwamba wengi wao waliandika juu ya kijiji kilichokuwa kimeanza kutoweka. Sensa ya mwaka 1851 ilionyesha kwa mara ya kwanza kwamba wakazi wa mijini walikuwa wamezidi nusu ya watu wa Uingereza na Wales, na hesabu ya waliokwenda ibadani Jumapili ya tarehe 30 Machi mwaka huohuo ilionyesha kwamba karibu nusu ya mahudhurio yalikuwa nje ya kanisa la taifa, kwa Wamethodisti, Wabaptisti na wengineo. Eliot, akiandika katika zama za reli, aliirudisha Adam Bede, iliyotoka mwaka 1859, hadi mwaka 1799, na matukio ya Silas Marner, iliyotoka mwaka 1861, yanaanzia siku za vita dhidi ya Napoleon. Katika kijiji cha wakati ule parokia ilikuwa na kazi nyingi zaidi ya ibada. Uandikishaji wa serikali wa vizazi na vifo ulikuwa haujaanza, kwani ulikuja mwaka 1837, kwa hiyo kumbukumbu ya mtu kuzaliwa, kuoa na kuzikwa ilikuwa katika vitabu vya kanisa, na maskini walihudumiwa kwa fedha za parokia hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 1834. Mtu asiyefika kanisani, kama Silas kwa miaka yake 15 ya kwanza katika kijiji cha Raveloe, alikuwa hajulikani ni wa nani.

Sasa nirudi kwenye kitabu chenu, nami nitakaa hapo kwa muda, kwa sababu jibu limo humo karibu lote. Silas mfumaji anaanza akiwa muumini wa dhati katika kikundi kidogo cha mjini. Rafiki yake wa karibu anamsingizia wizi wa fedha za kanisa, ndugu wa kikundi wanapiga kura wakiamini kwamba Mungu ataonyesha mkosaji, na kura inamwangukia yeye asiye na hatia. Anapoteza mchumba, jina na Mungu kwa pigo moja. Tazama basi kinachotokea mwishoni, wakati yeye na Eppie, mtoto aliyemwokota na kumlea, wanapofunga safari kurudi katika mji ule kutafuta ukweli. Mahali pale pa ibada hapapo tena, kimejengwa kiwanda, na hakuna hata mtu mmoja anayewakumbuka watu wale. Silas hasafishwi jina lake. Mwandishi wa kijitabu cha mahubiri asingeweza kuliacha jambo hili hivyo. Angemleta yule rafiki mwongo kitandani mwa mauti akiungama. Eliot anamwacha Silas arudi nyumbani bila jibu, akaseme na jirani yake Dolly Winthrop kwamba tangu mtoto alipokuja amepata mwanga wa kutosha kumwezesha kuamini, na giza lililobaki atakaa nalo.

Huyu Dolly ndiye ningependa binti mkubwa amwangalie kwa makini. Anaingia kibandani kwa Silas akiwa na keki alizopika mwenyewe, zenye alama ya herufi tatu zilizo sawa na zile za kitambaa cha mimbari, na yeye hajui kusoma herufi hizo wala maana yake, ila anajua kwamba zimo kanisani na kwa hiyo haziwezi kuwa na ubaya. Akimtaja Mungu hutumia wingi, kana kwamba huko juu wako wengi, kwa adabu ya mtu anayeona si haki yake kuwa karibu mno. Kwa elimu ya dini Dolly angeshindwa mtihani wowote wa shule ya Jumapili. Lakini mtoto anapookotwa, yeye ndiye anayekuja na nguo za mwanawe Aaron zilizofuliwa na kukunjwa, na Silas anapoomba kufundishwa kumvisha mtoto kwa mikono yake mwenyewe, Dolly anaelewa mara moja kwamba asimnyang'anye kazi hiyo. Ni yeye anayemhimiza ambatize mtoto. Imani katika kitabu hiki inapita mikononi mwa watu wanaojua kuosha mtoto na kukesha na mgonjwa, na Eliot anawaheshimu bila kuwafanya wasomi.

Mfano mwingine ni mdogo, lakini mimi huupenda kuliko mengi. Dolly anamshauri Silas amtie adabu Eppie mara moja moja kwa kumfungia katika kijichumba cha makaa. Siku moja mtoto anakata kwa mkasi utepe wa kitani aliofungwa nao karibu na mtambo wa kufumia, anatoroka, na Silas, baada ya kumtafuta kwa hofu kubwa, anajikaza kumfungia humo kwa dakika chache. Anamtoa, anamwosha, anambadilisha nguo, na anapogeuka tu, mtoto amerudi mwenyewe ndani ya makaa akifurahia mchezo mpya. Tangu siku hiyo hamwadhibu tena. Mchambuzi mwenye haraka atasema hapa mwandishi anapinga nidhamu. Mimi naona anamwonyesha mtu aliyezoea kuhesabu sarafu zake za dhahabu kila usiku akijifunza kwamba mtoto hahesabiki.

Kuhusu Godfrey Cass, binti mdogo ana moyo mzuri, na Eliot angefurahi kusikia kwamba anamhurumia, kwa maana hakumwumba awe mwovu. Usiku ule wa kuamkia mwaka mpya, mke wake wa siri, Molly, mtumwa wa afyuni, anafia kwenye theluji karibu na kibanda cha Silas, na Godfrey anakwenda kumtazama maiti huku akiomba moyoni awe amekufa kweli. Anamwona mtoto wake mikononi mwa mfumaji, mtoto anageuza macho kutoka kwake, naye ananyamaza. Anatoa fedha kidogo za nguo, kisha anarudi kwenye dansi kwa Nancy, msichana anayetaka kumwoa. Dhambi yake ni ule ukimya mmoja, na baada ya hapo anaishi vizuri, ni mume mwema na jirani mwema kwa miaka 16. Hapewi adhabu na mtu yeyote. Ndoa yake haina mtoto aliyebaki hai, na yeye peke yake anajua kwamba binti yake anakua umbali wa hatua chache.

Hapo ndipo Nancy anapoingia, na kwangu yeye ndiye mtu mgumu kuliko wote kitabuni. Nancy ni mwadilifu kweli. Godfrey anapopendekeza wamchukue Eppie wamlee, anakataa kwa sababu anaamini kuchukua mtoto ambaye Mungu hakukupa ni kujichagulia fungu lako kinyume na mapenzi yake. Tukumbuke kwamba sheria ya Uingereza haikuwa na utaratibu wa kuasili mtoto hadi mwaka 1926, kwa hiyo wasiwasi wake haukuwa wa ajabu kwa wakati ule. Lakini siku Godfrey anapoungama, Nancy anatamka jambo linalomvunja moyo mumewe, kwamba angalimwambia tangu mwanzo, wangalimpokea mtoto. Ukimya wa mume ulijengwa juu ya kumwogopa mke mwenye msimamo, na msimamo wa mke ulisimama juu ya asichokijua. Kisha wote wawili wanakwenda kibandani wakiamini kwamba damu inawapa haki, na Silas anamuuliza Godfrey kwa nini hakusema hivyo miaka 16 iliyopita. Eppie anachagua aliyemlea. Mwambie binti yako mdogo kwamba asiache kumhurumia Godfrey, ila ajiulize pia ni nani aliyelipa gharama ya amani yake kwa miaka yote hiyo.

Swali lako la pili, mama, juu ya mwandishi asiyeamini, lina historia ambayo yenyewe ni ya kifamilia. George Eliot alikuwa jina la uandishi la Mary Ann Evans, aliyezaliwa mwaka 1819 karibu na Nuneaton, Warwickshire, binti wa msimamizi wa mashamba ya matajiri. Katika ujana wake alikuwa mlokole mkali. Mwaka 1842 alimwambia baba yake kwamba hawezi tena kwenda kanisani, nyumba ikachafuka kwa miezi kadhaa, na mwisho akakubali kuketi na baba yake kanisani kwa sharti la kubaki huru katika mawazo yake. Baadaye alitafsiri kutoka Kijerumani vitabu viwili vilivyoitikisa imani ya wasomi wengi, kimoja cha Strauss mwaka 1846 na kingine cha Feuerbach mwaka 1854. Kuanzia mwaka huo wa 1854 aliishi na George Henry Lewes, mwanamume aliyekuwa na ndoa asiyoweza kuivunja, na kaka yake Isaac akakata mawasiliano naye hadi mwaka 1880, alipofunga ndoa ya kisheria na mtu mwingine baada ya Lewes kufa. Mwanamke huyu aliyafahamu mambo mawili kwa pamoja: imani ya watu wa kwao kutoka ndani, na mlango uliofungwa na ndugu mwenye haki upande wake. Siamini kwamba aliandika juu ya waumini kwa unafiki. Aliwapenda, na alitaka kujua ni nini katika imani yao kinachobaki kweli hata kwa asiyeweza kukiri nayo.

Ushahidi wa hilo uko katika Adam Bede, iliyoota kutokana na kisa alichosimuliwa na shangazi yake Mmethodisti, aliyewahi kukesha gerezani na mwanamke aliyehukumiwa kifo kwa kumuua mtoto wake mchanga. Katika riwaya, Dinah Morris, mfanyakazi wa kiwanda cha pamba anayehubiri akiwa amesimama juu ya mkokoteni uwanjani, anaingia katika chumba cha gereza cha Hetty Sorrel, msichana aliyehukumiwa kwa kosa kama hilo, na kumkumbatia gizani mpaka Hetty afungue kinywa. Kwa upande wa pili yuko kasisi Irwine, mtu mpole, mkarimu na mwenye subira na dada yake mgonjwa. Bwana kijana Arthur anakuja kwake asubuhi akiwa na nia ya kuungama hatari anayomletea Hetty, mazungumzo yanakaribia kabisa, na Irwine, kwa adabu ya muungwana, haulizi. Sura hiyo ya kifungua kinywa hunitia uchungu kila ninapoisoma, kwa kuwa hakuna ubaya uliotendeka ndani yake, na maafa yote yanapitia hapo. Ongeza jambo moja: aibu inapofika nyumbani, mjomba wa Hetty, Martin Poyser, mtu mcheshi na mpole, ndiye anayekuwa mgumu kwa Hetty kuliko mkewe mwenye ulimi mkali. Eliot alijua kwamba heshima ya ukoo huweza kumkausha mtu mwema.

Ukitaka mwandishi aliyeamini bila kuyumba, ni Charlotte Yonge, na nadhani wewe mwenyewe utamwona kama mwenzako wa kazi. Aliishi Otterbourne, Hampshire, kuanzia kuzaliwa mwaka 1823 hadi kufa mwaka 1901, alianza kufundisha shule ya Jumapili akiwa na miaka 7 tu, akaendelea maisha yake yote, chini ya malezi ya John Keble, kasisi wa parokia jirani ya Hursley na mmoja wa viongozi wa vuguvugu la Oxford, lililotaka kulirudisha kanisa la Uingereza kwenye mapokeo yake ya kale. Sehemu ya mapato ya riwaya zake ilikwenda kwa misheni za Bahari ya Kusini. Waanglikana wa mkondo huohuo ndio walioiunga mkono misheni ya vyuo vikuu iliyofika Unguja mwaka 1864, ambayo kanisa lake bado limesimama Mkunazini. The Daisy Chain ya mwaka 1856 inaeleza familia ya watoto 11 wanaofiwa na mama katika ajali ya gari la farasi, na binti mmoja, Ethel, anayeapa kujenga kanisa katika kitongoji cha wachimba mawe. Nakuonya kwamba Yonge anamtaka Ethel aache kushindana na kaka yake katika Kigiriki na Kilatini ili awe na nafasi ya kuhudumia nyumba, na binti yako mkubwa atakasirika, nami nitakuwa upande wake. Hata hivyo Yonge haandiki malipo rahisi. Flora, mwenye sifa njema mbele za watu, anampoteza mtoto wake mchanga kwa dawa ya kutuliza yenye afyuni anayopewa na yaya, huku mama yuko kwenye shughuli zake za jamii. Yonge anauliza swali lilelile la Eliot, kwa ukali zaidi kwa sababu anaamini kwamba Mungu anaangalia.

Trollope nitamtaja kwa kifupi. The Vicar of Bullhampton ya mwaka 1870 ina binti aliyepotoka, Carry Brattle, na kasisi anayezunguka kumtafutia mahali pa kulala kwa jamaa zake. Ndugu zake wenye heshima na maisha mazuri wanamkataa. Baba yake, msaga nafaka mkaidi asiyekanyaga kanisani, ndiye ambaye mwishowe anamwacha akae.

Hardy ndiye anayelipeleka swali mbali kuliko wote. Katika Tess of the d'Urbervilles ya mwaka 1891, mtoto wa Tess, aliyezaliwa nje ya ndoa, anaugua usiku, na baba wa Tess amefunga mlango ili kasisi asiingie kuona aibu ya nyumba yao. Tess anawaamsha wadogo zake, anawapigisha magoti kuzunguka beseni, na kumbatiza mtoto mwenyewe. Kasisi anapoulizwa kama ubatizo huo una uzito uleule, anajikuta, kinyume cha mafunzo yake, akisema ndiyo, lakini anakataa mazishi ya Kikristo. Kisha kuna Angel Clare, aliyeiacha imani ya baba yake na kujiona mtu huru. Usiku wa harusi anaungama kosa lake, Tess anamsamehe papo hapo, Tess anaungama la kwake, na Angel hasamehi. Hardy anasema wazi kwamba wazazi wa Angel, waumini wa msimamo mkali, wangekuwa na huruma zaidi kwa Tess kuliko mtoto wao msomi. Kwa hiyo hata mwandishi aliyeonekana adui wa kanisa hakudai kwamba kuacha imani humfanya mtu kuwa mpole.

Labda binti zako watauliza kwa nini mambo mazito katika riwaya hizi husemwa kwa kuzungukazunguka. Vitabu vilikuwa ghali mno, riwaya ya juzuu tatu ikiuzwa shilingi 31 na peni 6, na wasomaji wengi waliazima kutoka maktaba ya Mudie, ambayo ilichuja isichokiona kinafaa kusomwa kwa sauti mbele ya familia. Magazeti yalikuwa na hofu hiyohiyo. Tess ilipotoka kwa sehemu katika gazeti la The Graphic, ubatizo ule wa usiku uliondolewa na ukachapishwa kwingine, na mahali ambapo Angel anawavusha wasichana kwenye maji akiwa amewabeba mikononi, Hardy alilazimika kumpa toroli.

Kwa hatua inayofuata ningeshauri msome Adam Bede nyote watatu, kwa sauti, bila kuharakisha sura za mwanzo, kwa sababu jikoni kwa Bi Poyser ndiko mtakakojua kijiji kinapoteza nini baadaye. Sura za gerezani ni nzito kwa mtoto wa miaka 13, kwa hiyo zisome wewe kwanza, peke yako. Binti mkubwa mpe The Daisy Chain aipinge atakavyo, kisha Tess akiwa tayari, na mdogo aisubiri Tess kwa miaka mitatu au minne. Na katika kila kitabu, badala ya kuuliza nani kalipwa na nani kaadhibiwa, waulize ni nani aliyefungua mlango, nani aliyeufunga, na kila mmoja alitoa sababu gani.